Neno lake lifike kama lilivyotoka: jibu kwa msaidizi wa kisheria wa Kasulu

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kasulu mkoani Kigoma. Baba yangu ni Muha na mama yangu ni Mrundi, kwa hiyo nimekua nikizungumza Kiha, Kirundi na Kiswahili. Ni msaidizi wa kisheria niliyesajiliwa, na kwa sababu ya lugha hizo huitwa mara kwa mara kuwasaidia wanawake waliopigwa na waume zao. Wiki iliyopita niliitwa polisi kwa ajili ya mama mmoja asiyejua Kiswahili. Alieleza kwa Kirundi kwamba mumewe alimkaba koo mpaka akajikojolea. Askari wawili waliokuwepo walikuwa wanaume. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikasema mumewe alimshika shingoni. Mwishoni alisema hataki mumewe afungwe, anataka aonywe tu, na yeye arudi kwa watoto wake. Hilo sikulisema kabisa, kwa sababu niliogopa kwamba akirudi atauawa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, pale nilikuwa mkalimani au mtetezi wake? Na nifanye nini sasa?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kuanza kuandika, na nitatanguliza lile ambalo haliwezi kusubiri, ndipo nije kwenye swali lako lenyewe.

Mwanamke aliyekabwa koo mpaka akajikojolea hakushikwa shingoni. Mtu anayekabwa hushindwa kuuzuia mkojo pale ambapo ubongo umekosa damu na hewa kiasi cha kumfikisha kwenye kupoteza fahamu, hata kama yeye mwenyewe hakumbuki kuzimia. Daktari anayelisikia neno hilo moja hubadilisha namna anavyomchunguza mgonjwa. Atauliza kama sauti imekauka, kama kumeza kunauma, kama anapata kizunguzungu au anasahau mambo ya siku ile. Atatafuta vidoti vyekundu machoni na nyuma ya masikio. Tena hataridhika kwa sababu tu ngozi ya shingo ni safi, kwani wengi waliokabwa hawana alama yoyote ya nje. Uvimbe wa koo na madhara ya mishipa ya damu inayopita shingoni huweza kujitokeza saa kadhaa, wakati mwingine siku kadhaa, baada ya tukio. Kwa hiyo kama mama huyo hajaonwa na daktari, au alionwa na fomu yake ikajazwa kuwa ni maumivu ya shingo, mtafute leo, usingoje wiki nyingine iingie. Ikiwa ana mimba, hata leo hiyo umechelewa, kimbia.

Lipo na jingine ambalo sisi tuliokaa muda mrefu kwenye kazi hii hulipima kwa uzito mkubwa: mume aliyewahi kumkaba mkewe koo ni miongoni mwa wale ambao uwezekano wao wa kuja kuua uko juu kuliko wa mpigaji wa makofi na ngumi. Hofu yako juu ya uhai wake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini tazama kilichotokea: neno pekee ambalo lingewafanya wale askari waogope pamoja nawe ndilo ulilolipunguza, na baada ya kulipunguza ukabaki kuogopa peke yako.

Sasa nakujibu. Ulipoketi kwenye benchi lile ulikuwa umeitwa kama mkalimani, ukafanya kazi ya mtetezi bila kumwambia mtu yeyote, wala askari, wala mama mwenyewe. Kazi zote mbili ni za heshima, na mtu mmoja anaweza kuzimudu zote, maana katika wilaya zetu za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe mwenye lugha tatu na moyo wa kusaidia mara nyingi ni huyo huyo mmoja. Kisichowezekana ni kuzifanya zote mbili ndani ya sentensi moja. Mkalimani hupokea neno na kulifikisha zima, likiwa zuri au baya, likimsaidia mwenye nalo au likimwumiza. Mtetezi husimama upande wa mwathirika, humshauri, humsindikiza, humdaia haki zake. Mkalimani akianza kuchagua neno lipi lipite na lipi libaki, mwanamke yule amekwisha kupoteza sauti yake kwa mara ya pili, na safari hii hajui kama ameipoteza, kwa sababu lugha inayotumika hapo haielewi.

Njia niliyofundishwa, na ambayo nimeitumia kwa miaka, ni kutamka nafasi yangu kabla mtu hajakaa. Kwa askari nasema: "Afande, kwa sasa mimi ni mkalimani. Nitasema kila atakachosema mama na kila utakachosema wewe. Nikisema 'mimi', maana yake ni yeye anayesema." Kisha maneno hayo hayo nayarudia kwa mama katika lugha yake, na kumwonya kwamba hata akininong'oneza jambo katikati ya mahojiano nitalazimika kulisema kwa sauti, kwa hiyo kama ana la siri tulizungumze kwanza nje. Ikifika mahali ambapo ni lazima niseme la kwangu, namwomba askari nafasi na kusema wazi: "Haya sasa ni maneno yangu mimi kama msaidizi wa kisheria, si ya mama huyu." Nalo namtafsiria mama neno kwa neno, ili asizungumziwe juu ya kichwa chake kama mtoto.

Kuna sababu ya kusema "mimi" badala ya "anasema kwamba". Ukisema "anasema alimkaba", askari anakutazama wewe na kukuuliza wewe: "Kwani alimkaba kwa mkono mmoja au miwili?" Baada ya dakika kumi mnazungumza ninyi wawili na mama anatazama dirishani. Ukisema "alinikaba kwa mikono miwili", macho yanarudi kwake. Kaa pembeni yake, nyuma kidogo ya bega lake, usikae kati yake na meza. Ukikaa hivyo askari atauona uso wake unapobadilika, nao uso huo haupiti mikononi mwa mkalimani.

Kabla ya yote hayo muulize mama kama anakutaka wewe. Kasulu watu hujuana, na ukiuliza ukoo mara mbili mnaweza kukuta mmefika kwa babu mmoja. Huenda wewe ni jamaa wa mumewe kwa upande ambao hukuwahi kuufikiria, au unasali na wifi yake. Mwambie baba yako ni wa wapi na mama yako ni wa wapi, na umpe nafasi ya kukukataa bila kuona haya. Usikubali kamwe mahojiano yakatafsiriwa na mume, mkwe, jirani aliyemsindikiza au mtoto wa nyumba ile. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa na Kiswahili kizuri kuliko wote waliomo chumbani, lakini kumtumia kutamka jinsi baba yake alivyomwumiza mama yake ni ukatili mwingine, tena unaofanywa na sisi.

Ngoja nikae kidogo kwenye lugha zenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba Kiha na Kirundi kwa kuwa vinaelewana, na vyote ni ndugu wa Kiswahili, basi kuvuka kutoka kimoja hadi kingine ni jambo la mtu kufungua mdomo tu. Kirundi changu mimi nilikijifunzia sokoni na kwenye usafiri, si nyumbani kama wewe. Katika miaka yangu ya mwanzo alikuja mwanamke mmoja, akazungumza haraka huku akilia, nikalidaka neno "ejo" na neno la panga. Unajua kwamba "ejo" kwa Kirundi ni jana na pia ni kesho, na kinachotenganisha ni kitenzi: "yaje ejo" ni alikuja jana, "azoza ejo" ni atakuja kesho. Mimi nililishika neno nikakiacha kitenzi. Nikamwambia askari kwamba jana mumewe alikuja na panga, naye akaandika kwa utulivu kama mtu anavyoandika jambo lililokwisha kupita. Kumbe mwanamke yule alikuwa ametuambia habari ya kesho. Kesho yake mume akaja kweli, na kama si majirani waliomdaka mlangoni, lile jeraha la mkono lingekuwa la shingo. Tangu siku ile, kila nisikiapo "ejo" ninasimama na kuuliza: iliyopita au ijayo? Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa kuuliza. Na usisahau kwamba kwa aliyebakwa siku huhesabiwa kwa saa: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28, kwa hiyo kosa la siku moja kwenye tarehe ya tukio linaweza kumnyima mtu dawa aliyokuwa bado anaistahili.

Neno "kwubaka" nalo lina hatari ya upande wa pili. Kwa Kirundi ni kujenga, na kujenga nyumba ni kuoa na kuolewa. Mwanamke anaposimulia jinsi alivyojenga na mumewe, askari mwenye sikio la Kiswahili anaweza kusikia kosa la jinai kabla hujafungua mdomo, na nimewahi kumwona mmoja akianza kuandika. Kwa upande wa ndugu zetu wa Kongo, ambao wako Nyarugusu tangu mwaka 1996, shida haiko kwenye lugha ngeni, iko kwenye Kiswahili chenyewe. Mkongomani akisema "bibi yangu" anamaanisha mkewe, wakati karani wa kwetu anaweza kuandika mama mzaa baba au mzaa mama. Kila mmoja anaamini kwamba wanaongea Kiswahili kimoja, na kwa sababu hiyo hakuna anayemwita mkalimani. Ukiwa karibu, omba ruhusa ya kueleza tofauti hiyo.

Yapo na majina. Warundi wengi hawamwiti mtoto kwa jina la baba yake. Kila mtoto hupewa jina lake, kwa hiyo mume, mke na watoto wanne wanaweza kuwa na majina sita yasiyofanana hata moja. Karani aliyezoea majina matatu ya kwetu huanza kushuku kwamba watoto si wa ndoa hiyo, au kwamba mama anadanganya. Eleza jambo hilo mapema, kwa nafsi yako kama msaidizi, kisha hakikisha jina linaandikwa kwa herufi zile zile kwenye maelezo ya polisi, kwenye fomu ya PF3, ile polisi wanayompa aliyeumizwa aende nayo hospitali, na kwenye karatasi yoyote ya hospitali. Nimeona shauri likisumbuka miezi kwa sababu ya herufi moja ya "r" iliyogeuka "l".

Nirudi kwenye aibu, kwa sababu ndiyo iliyokushinda siku ile, na haitakuwa mara ya mwisho. Sisi tumelelewa kutolitaja jambo la faragha mbele ya wanaume, na si kosa kulelewa hivyo. Lakini sheria inapima kosa kwa maneno yale yale ambayo malezi yetu yanayakwepa. Kushikwa shingoni kunaweza kuishia kuwa shambulio la kawaida. Kukabwa mpaka mkojo ukatoka kunaweza kumfanya mwendesha mashtaka afikirie kosa zito zaidi ndani ya Kanuni ya Adhabu. Kwenye kosa la kubaka, sheria inataka uthibitisho wa kuingiliwa, hata kuwe kudogo namna gani, na mwanamke anayesema tu "alinifanyia mambo mabaya" hajalisema hilo. Hapa kuna mtego wa pili, kinyume cha ule wako: usije ukamsaidia kwa kulikuza neno lake. Akisema "alinifanyia mambo mabaya", tafsiri hivyo hivyo, kisha mwambie askari: "Hayo ndiyo maneno yake. Kwa lugha yetu yanaweza kuwa na maana zaidi ya moja, naomba umuulize anamaanisha nini." Akiulizwa kwa upole na kupewa muda, atasema. Ukilisema wewe kwa niaba yake, siku ya mahakamani ataulizwa na wakili wa upande wa pili, atalirudia lile lake la mwanzo, na wote wataona kwamba maneno hayakuwa yake.

Kama ni mazingira yaliyokufunga mdomo, rekebisha mazingira ungali mlangoni. Omba Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, omba askari wa kike kama yupo, omba mlango ufungwe na wapitaji watolewe. Pale palipo na kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, mpeleke huko ili asirudie simulizi hiyo kwenye meza tatu tofauti. Ukiyakosa yote hayo, mwambie mama kwa lugha yake, kabla hamjaanza: "Utasikia nikiyasema maneno haya mbele ya wanaume. Mimi sioni aibu kwa ajili yako, na wewe hukufanya la aibu."

Nije kwenye lile la pili, ambalo naona ni zito kuliko la kwanza. Mama alisema hataki mumewe afungwe, wewe ukanyamaza. Ulinyamaza kwa upendo, naliamini hilo. Lakini fikiria kinachofuata. Jalada litafunguliwa kama la mwanamke anayetaka mashtaka. Mume atakamatwa. Ukoo utakaa, mahari itatajwa, wakwe watakuja na maneno yao, na yeye, ambaye hakuwahi kuyataka hayo, atakwenda kituoni na kusema hajui lolote. Askari atasema wanawake wa aina hii wanasumbua tu, na wa kumi baada yake watalipia maneno hayo. Laiti angesikika, yule askari angepata nafasi ya kumweleza kwamba shauri la jinai ni la Jamhuri na si la mke peke yake, na kwamba kuna hatua kati ya kumfunga mtu na kumwachia; na wewe ungepata nafasi ya kumuuliza, nje, kwa lugha yake, hilo neno "aonywe" lina maana gani kwake.

Muulize. Mara nyingi nyuma ya "nataka kurudi" kuna mambo ambayo hatukuyajua: mtoto wa mwaka mmoja aliyebaki na mama mkwe, shamba la maharage lililobakiza wiki tatu kuvunwa, karatasi za familia zilizo mikononi mwa mume. Na mara nyingine kuna hesabu ambayo yeye ameipiga vizuri kuliko sisi, kwa kuwa hatari kwa mwanamke aliyepigwa huongezeka hasa anapoondoka na muda mfupi baada ya kuondoka. Anayesema "nikiondoka ataniua" hasemi upuuzi, anasema analolijua. Unayo haki ya kumweleza waziwazi kwamba unaogopa, na kwa nini kukabwa koo kunakuogopesha kuliko kofi. Huna haki ya kumwamulia.

Hapo ndipo utetezi wako unapoanza, binti yangu, na unafanyikia nje ya chumba kile. Akiamua kurudi, mpango wa usalama unatengenezwa kwa ajili ya nyumba ile ile anayorudi. Usiku akihitaji kukimbia anatokea mlango gani, na anakimbilia kwa nani ambaye mumewe anamheshimu na pia anamwogopa? Jirani gani anajua kwamba mtoto mkubwa akija kuomba chumvi saa nne usiku maana yake ni kuita watu? Kadi za kliniki za watoto, kitambulisho cha NIDA au karatasi za ukimbizi, cheti cha ndoa kama kipo, na fedha kidogo ya nauli vinaweza kukaa kwa mtu gani wa kuaminika? Simu inashikwa na nani? Usimtumie ujumbe wa maandishi kabla ya kujua jibu, maana ujumbe mmoja wa "mama pole, umefikia wapi na polisi" unatosha kumrudisha pale alipokuwa. Panga naye neno la kawaida kabisa, la bei ya mchikichi au la kikoba, ambalo akilitamka utajua hayuko salama kuzungumza.

Jifunze sheria chache na uzijue kwa lugha zako zote tatu, si kwa Kiswahili tu. Tanzania haina sheria moja inayosimamia ukatili wa majumbani. Tunaokota vipande kutoka sheria mbalimbali. Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachotamka kwamba hata kama mila inasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kisome kwa Kiha mbele ya wazee wanaosema mume ana haki ya kumfundisha mkewe, nawe utaona baadhi yao wakinyamaza, kwa sababu hawakuwahi kukisikia katika lugha yao. Jua pia kwamba Baraza la Usuluhishi la Ndoa linasuluhisha migogoro ya ndoa, na halina mamlaka ya kuhukumu kosa la jinai; kikao cha ukoo ndiyo kabisa. Mtu asimwambie mama kwamba kwa kuwa walikaa na mbuzi akachinjwa basi polisi hawana kazi tena. Na ukiombwa kutafsiri kwenye kikao kama hicho wakati mume aliyemkaba mkewe ameketi mita mbili kutoka kwake, una haki ya kukataa, kwa maana hakuna tafsiri iliyo salama pale ambapo mmoja anaogopa kusema.

Mahakamani hali imebadilika kidogo kwa manufaa yetu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, si Mahakama ya Mwanzo tu kama zamani. Lakini kwa mama asiyejua Kiswahili, umbali ni ule ule, na mahakama itahitaji mkalimani anayekula kiapo. Usiwe wewe, kama umekwisha kuwa mtetezi wake, na hasa kama ulitafsiri maelezo yake polisi, kwani unaweza kuitwa kuwa shahidi juu ya yale uliyoyatafsiri. Na kumbuka mpaka wako chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: msaidizi wa kisheria huelimisha, huelekeza na husindikiza, lakini hamwakilishi mtu mahakamani. Ukifika hapo, mkabidhi kwa wakili anayetoa msaada bure.

Kuhusu usingizi wako nitasema machache, ingawa nalijali. Unaposema "alinikaba", "nilijikojolea", "nilidhani nakufa" kwa saa mbili, mwili wako hautofautishi sana kati ya "mimi" yako na "mimi" ya mama yule. Ukitoka hapo usiende moja kwa moja nyumbani kupika. Mtafute mwenzako mmoja wa kazi, umweleze yaliyokuelemea wewe bila kutaja jina wala kijiji cha mwathirika, na usikubali kutafsiri mashauri mawili ya namna hiyo kwa siku moja.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa mama leo, mahali ambapo mumewe hatawakuta, umwambie ulilolipunguza na ulilolinyamazia. Usijitetee. Mpeleke hospitali, na wewe mwenyewe utamke kwa daktari neno alilolisema, pamoja na lile la mkojo. Mwambie daktari kama kulikuwa na PF3 ya kwanza iliyoandikwa vingine. Kisha rudini kituoni na uombe kumwona mkuu wa dawati. Sema kwa nafsi yako: "Siku ile nilikuwa mkalimani na sikutafsiri kikamilifu. Naomba maelezo ya mama huyu yasomwe tena na yaongezwe." Inawezekana utakaripiwa, na itakubidi uvumilie. Mwombe mkalimani mwingine akipatikana. Asipopatikana, endelea wewe, safari hii bila kupunguza. Anayetoa maelezo ana haki ya kusomewa yaliyoandikwa na kusahihisha kabla hajatia saini au dole gumba, kwa hiyo omba yasomwe polepole, sentensi moja moja. Kila sentensi itamke kwa Kirundi, unyamaze, umtazame. Akitikisa kichwa, mwambie askari asimame hapo. Na mkifika kwenye yale aliyoyataka kuhusu mumewe, muulize upya kama bado ndivyo anavyotaka, na jibu lake lolote lile, litafsiri.